Weupe wa Mpingo na Kopo la Rangi

Gogo la mpingo lina rangi mbili: kiini cheusi kinachovuta zambarau, na tabaka la nje lenye weupe unaovuta umanjano wa siagi. Kwenye nguzo za ujamaa, vinyago vya watu waliobebana, zinazouzwa Mwenge, Kinondoni, Dar es Salaam, mara nyingine kipande cha tabaka hilo huachwa, kisha hupakwa rangi nyeusi ili nguzo ionekane ya rangi moja. Uamuzi huo hauna utetezi wa kiufundi.

Kazi inayoutangulia ni safi: tezo, patasi na msasa hutumika inavyopasa.

Kosa huingia msasa ukishawekwa chini. Kiini cha mpingo kina mafuta, tena kimeshikamana hata huzama majini; rangi hubaki juu juu na kufutika. Tabaka la nje huinywa. Brashi moja basi huzaa weusi wa aina mbili: wa asili unaong'aa, na wa kopo, mkavu, uliofunika nyuzi za mti. Dukani, kwenye kivuli, hilo halionekani. Nguzo ikishakaa karibu na dirisha, weusi wa kopo hupauka, na viwiko vya watu waliobebana huchubuka kila vinaposhikwa. Ubaya mwingine ni kwamba tabaka hilo ndilo wadudu hulitoboa kwanza, na rangi huficha matundu yao.

Kiwi ya viatu isiyo na rangi ingetosha kuung'arisha mti. Kiwi nyeusi juu ya mpingo, mazoea yaliyokwisha kulalamikiwa mno, ni kumpaka masizi aliyezaliwa mweusi.

Weupe wenyewe hauhitaji kufichwa. Mchongaji Samaki Likankoa, aliyeanzisha mtindo wa shetani, vinyago vya mizimu, miaka ya 1950, aliwaachia wachongaji njia ya kufuata mapindo ya gogo lenyewe; katika mtindo huo weupe unaweza kuwa ubavu au jino. Mchongaji George Lilanga (1934–2005) alipaka vinyago vyake nyekundu, buluu na njano, lakini hadharani: hakuna aliyedhani mti umeota hivyo. Barakoa za ngoma ya mapiko nazo hupakwa rangi bila kujifanya mpingo.

Asiyetaka weupe aondoe tabaka lote kwa tezo kabla ya kuchora umbo. Hasara yake inajulikana: mpingo huchukua miongo mingi kukua na shina lake huwa jembamba, hivyo nguzo hupungua unene na bei hushuka. Kopo la rangi huokoa sentimita hizo chache.