Kwinini, Lapdap na Artesuneti: Jinsi Dawa za Malaria Zilivyopimwa Kilifi

Mazungumzo ya tiba katika pwani ya Malindi na Kilifi huzigawa dawa mafungu mawili, za miti shamba na za viwandani, kana kwamba mahali dawa ilikotoka ndipo panapoamua nguvu na usalama wake. Historia ya malaria ya eneo hilohilo inautia mgawanyo huo mashakani, kwa kuwa kwinini iliyotumika kwa vizazi hutoka katika gome la mti wa sinkona, artesuneti iliyochukua nafasi yake hutokana na majani ya mmea, na dawa iliyobuniwa kwa uangalifu mkubwa kuliko nyingine zote, ambayo ilikuwa ya kiwandani kabisa, ndiyo iliyolazimika kuondolewa sokoni.

Kazi ya kuzipima dawa hizo ilipata makao yake mwaka 1989, pale Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI), kwa ushirikiano na Wellcome Trust na Chuo Kikuu cha Oxford, ilipoanzisha kituo cha utafiti ndani ya hospitali ya Kilifi chini ya Kevin Marsh. Hatua ya awali haikuwa kutafuta dawa bali kujua ni mtoto yupi anayekufa. Uchunguzi wa watoto 1,844 waliolazwa kwa malaria, uliochapishwa mwaka 1995, ulionyesha kwamba angalau moja ya dalili mbili zinazotambulika kando ya kitanda, yaani kupotewa na fahamu na kupumua kwa shida, ilikuwepo kwa zaidi ya watoto wanane katika kila kumi waliofariki.

Wakati huo klorokwini ilikuwa imeanza kushindwa, na mwaka 1998 Kenya iliiacha na kuchukua mchanganyiko wa salfadoksini na pirimethamini, unaojulikana kwa kifupi kama SP. Sifa ya SP ilikuwa kwamba mgonjwa humeza dozi moja tu, lakini sifa hiyo ndiyo iliyokuwa pia kasoro yake, kwa kuwa masalia ya dawa hubaki katika damu kwa majuma kadhaa yakizidi kupungua, na vimelea vipya vinavyoingia na mbu hukutana na kiasi kisichotosha kuviua ila kinachotosha kuvichuja, hivyo vile vyenye usugu hubaki na kuzaana. Bill Watkins na wenzake waliokuwa wakifanya kazi Kilifi walijiuliza kama ingewezekana kupata dawa inayofunga njia ileile lakini inayoondoka mwilini upesi. Njia yenyewe ni ile ambayo kimelea hujitengenezea folati, kirutubishi kinachohitajika katika kuunda chembechembe za urithi. Njia hiyo ina hatua kadhaa zinazoendeshwa na vimeng'enya, na kufunga hatua mbili kwa pamoja huleta nguvu kubwa kuliko kufunga moja. Walichagua kloroproguanili na dapsoni, dawa mbili za zamani na za bei nafuu, na ya pili ilikuwa ikitumika kutibu ukoma. Mchanganyiko huo, ulioitwa Lapdap na kumezwa kwa siku tatu, ulipata idhini nchini Uingereza mwaka 2003.

Mantiki yake ilikuwa safi, na pengine usafi huo ndio uliowatuliza wengi. Dapsoni huzipa seli nyekundu za damu msukosuko wa kikemikali ambao kwa kawaida huzuiwa na kimeng'enya kiitwacho G6PD, lakini upungufu wa kimeng'enya hicho, ambao hurithiwa na huwapata zaidi wavulana, umeenea mahali palipo na malaria, kwa sababu upungufu wenyewe humkinga mtoto kwa kiasi fulani dhidi ya malaria kali. Dawa ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya watu ambao baadhi yao hawakuweza kuibeba. Dalili za kupungua kwa damu zilionekana mapema, ila uzito wake ulidhihirika katika majaribio makubwa ya baadaye yaliyoiunganisha na artesuneti, na Februari 2008 GlaxoSmithKline iliiondoa Lapdap sokoni.

Artesuneti ilipita njia nyingine. Mapema katika miaka ya 1970 mtafiti wa Kichina Tu Youyou, aliyetunukiwa Nobeli mwaka 2015, aligundua kwamba majani ya artemisia yakichemshwa nguvu yake hupotea, akaitoa dutu yake kwa etha katika joto la chini. Dutu hiyo, artemisinini, ina daraja la atomi mbili za oksijeni ambalo huvunjika linapokutana na chuma kinachoachwa na kimelea kinapomeng'enya damu, na kuvunjika huko ndiko kunakokiua. Kwa kuwa haiyeyuki vizuri katika maji, wanakemia waliibadilisha ikawa artesuneti, inayoweza kudungwa katika mshipa. Kwa hiyo si ya mmea tupu wala ya kiwanda tupu. Ubora wake juu ya kwinini ni kwamba huvipiga vimelea vikiwa vichanga, kabla havijanata katika mishipa midogo ya ubongo.

Jaribio la AQUAMAT, lililofanyika kuanzia Oktoba 2005 hadi Julai 2010 katika vituo 11 vya nchi 9 za Afrika, Kilifi kikiwa kimojawapo, liliwagawa watoto 5,425 wenye malaria kali kati ya kwinini na artesuneti kwa nasibu, yaani bila daktari kuchagua nani apate nini. Haikuwezekana kuwaficha wauguzi dawa waliyokuwa wakitoa. Kwinini ilihitaji dripu ya saa kadhaa kila baada ya saa 8, huku sukari ya damu ikichungwa isishuke. Artesuneti ni unga mweupe wa miligramu 60 katika kichupa, ambao hutiwa mililita moja ya bikaboneti ya sodiamu, hutoa povu, hutikiswa mpaka uwe mwangavu, kisha huongezwa maji ya glukosi na kudungwa kabla haijapita saa moja. Waliofariki walikuwa 297 kati ya 2,713 waliopewa kwinini, na 230 kati ya 2,712 waliopewa artesuneti, maana yake ni kwamba mtoto mmoja zaidi huokolewa kwa kila watoto 41 hivi wanaotibiwa. Tofauti ya namna hiyo haionekani kwa macho ya muuguzi wa wodi moja, hata awe mzoefu kiasi gani.

Mwarobaini, unaoota uani kuanzia Mtwapa hadi Malindi na ambao majani yake huchemshwa kwa kunywewa na kujifukiza, haujafikishwa kwenye mizani hiyo. Watafiti wa Kenya wamekusanya mitishamba ya malaria kutoka Kilifi na kuipima dhidi ya vimelea katika vyombo vya kioo, dhidi ya panya, na kwa usumu wake, na baadhi imeonyesha nguvu. Lakini kimelea kilicho katika kioo hakina ini la kuibadilisha dawa wala tumbo la kuikataa, na kutoka hapo hadi jaribio la nasibu kando ya kitanda cha mtoto ni mwendo wa miaka na fedha nyingi ambazo hakuna aliyezitoa.

Klorokwini nayo haikutoweka katika hesabu. Damu ya wagonjwa wa Kilifi ya mwaka 1993 ilikuwa imehifadhiwa, na ilipolinganishwa na ya mwaka 2006 ilionekana kwamba vimelea vyenye badiliko kuu la jeni la usugu, vilivyokuwa zaidi ya 90 katika kila 100, vilikuwa vimeshuka hadi karibu 60, bila mtu yeyote kuvipiga kwa dawa mpya iliyokusudiwa kuviondoa, ila kwa klorokwini kuacha kutolewa.