Msomaji Ndani ya Riwaya: Ufundi wa S. E. Hinton

Riwaya ya The Outsiders, iliyotolewa na Viking Press mwaka 1967, ni kati ya kazi zilizoipa fasihi ya vijana ya Marekani mwelekeo mpya. Mwandishi wake, Susan Eloise Hinton, aliianza akiwa na umri wa miaka 15, mwanafunzi wa sekondari ya Will Rogers mjini Tulsa, Oklahoma. Ilipotoka alikuwa na miaka 18. Umri huo haujampa mtu mambo mengi ya kusimulia, lakini Hinton alikuwa amesoma sana, na usomaji huo ndio aliojengea riwaya yake.

Tangu utotoni alipenda vitabu, hasa hadithi za farasi. Alipofikia ujana alikuta vitabu vilivyoandikiwa rika lake vikizungumzia mambo mepesi kama dansi za shule, ilhali shuleni kwake vijana waligawanyika kwa matabaka: Greasers, watoto wa walalahoi, na Socs, watoto wa wenye nacho. Rafiki yake aliposhambuliwa na kupigwa akirudi kutoka sinema, alianza kuandika hadithi fupi, nayo ikakua. Rasimu ya kwanza ilikuwa na kurasa 40 za taipu, mistari ikiwa imebanana. Zilizofuata zilirefuka kwa kuongezewa maelezo. Mwaka huohuo alipata alama ya D katika somo la uandishi wa kubuni.

Tatizo la kwanza la kiufundi lilikuwa sauti. Kisa kinasimuliwa katika nafsi ya kwanza na Ponyboy Curtis, Greaser wa miaka 14. Mvulana wa mtaani angewezaje kueleza machweo, nyuso na hisia kwa ufasaha bila msomaji kutia shaka? Hinton alimfanya awe mpenzi wa vitabu na sinema, tabia ambayo wenzake katika kundi hawana. Sifa hiyo moja inahalalisha lugha yake na papo hapo inamtenga, kwa hiyo yumo ndani ya kundi na bado anaweza kulitazama kwa mbali. Jina la mwandishi nalo lilifupishwa kuwa herufi, kwa shauri la mchapishaji, ili wahakiki wanaume wasikidharau kitabu chenye msimuliaji mvulana kwa kujua kuwa kimeandikwa na msichana.

Tatizo la pili lilikuwa katikati ya msuko. Baada ya Johnny Cade kumuua Soc mmoja kwa kisu, yeye na Ponyboy wanajificha siku kadhaa katika kanisa lililotelekezwa, mahali pasipo na tukio la kusukuma hadithi mbele. Hinton aliwapa kitabu: Gone with the Wind, riwaya ya Margaret Mitchell ya mwaka 1936, ambayo Johnny anainunua pamoja na chakula. Ponyboy anapoisoma kwa sauti, Johnny, anayeonekana mzito darasani, anajidhihirisha kuwa na fahamu kali: anawafananisha waungwana wa riwaya hiyo na Dally, mhuni wa kundi lao. Hivyo sura tulivu inamchora Johnny na kumpandisha hadhi Dally kabla ya vifo vya wote wawili. Shairi la Robert Frost analolikariri Ponyboy jua linapochomoza linafanya kazi ya namna hiyo, kwani fasiri yake inarudi baadaye katika barua ya Johnny, iliyowekwa ndani ya nakala ya Gone with the Wind.

Barua hiyo inatatua tatizo la tatu, la mwisho. Ponyboy yuko hatarini kufeli Kiingereza, na mwalimu amemtaka aandike insha. Baada ya kuisoma barua anaanza kuandika, na sentensi ya mwisho ya riwaya ni ileile ya kwanza: kitabu kizima kilikuwa insha hiyo. Muundo huu unaeleza hata kasoro za mwanzo. Sura ya kwanza inamtambulisha kila mwanakundi kwa zamu, umbo na tabia, jambo ambalo kwa mwandishi mzoefu lingeonekana zito. Kwa mwanafunzi anayemwandikia mwalimu, ni la kawaida.

Mafanikio yalimlemea Hinton, na kwa miaka kadhaa hakuweza kuandika. Aliyemkwamua ni mchumba wake, aliyemtaka aandike kurasa mbili kwa siku kabla ya kutoka naye matembezini. Kwa mwendo huo, akipima kila neno, alikamilisha That Was Then, This Is Now, iliyotoka mwaka 1971 ikiwa na nathari iliyobana kuliko ya kwanza.

Katika Rumble Fish, iliyotoka mwaka 1975, aliipindua kanuni yake. Msimuliaji, Rusty-James, si msomaji. Vitabu ni vya kaka yake, anayeitwa Motorcycle Boy. Kwa kuwa Rusty-James haelewi nusu ya anayoambiwa na kaka yake, anayanukuu tu bila kuyafafanua, na maana inabaki kwa msomaji kuiunganisha. Lugha inakuwa fupi na kavu, na tofauti ya maarifa kati ya ndugu wawili ndiyo inayozalisha taharuki. Katika riwaya ya kwanza usomaji ulimpa msimuliaji uwezo wa kueleza. Katika hii, kukosa usomaji ndiko kunakompa msomaji nafasi ya kuelewa zaidi ya anayesimulia.