Mgeni Aliyekasirikia Samaki Wasio Wake

Miezi ya Julai na Agosti, shule za Ulaya zikifungwa, hapa Lubumbashi twaona wanafunzi wageni wakishuka katika uwanja wa ndege wa Luano. Wanakuja kusaidia. Wengine hupaka rangi kuta za shule, wengine hufundisha watoto nyimbo na michezo, na baada ya majuma matatu hurudi kwao. Huko huandika habari za safari yao. Tumesoma kadha wa kadha za habari hizo, na nyingi zafuata njia moja: mwandishi alilia alipoona umaskini, watoto walicheka ingawa hawana viatu, naye amerudi nyumbani amegeuka mtu mwingine. Jina la mtoto aliyecheka hatulioni. Jina la mama aliyempikia bukari kila siku hatulioni vilevile.

Basi leo twataka kukipima kitabu kimoja cha namna hiyo ambacho kimewapita wenzake, tupate kujua uzuri wake watoka wapi, na upungufu wake ni upi. Chaitwa The Ponds of Kalambayi, maana yake Mabwawa ya Kalambayi. Aliyekiandika ni Mmarekani, jina lake Mike Tidwell, nacho kilipigwa chapa mwaka 1990.

Tidwell alikuwa kijana aliyetoka chuo kikuu karibuni. Alijiunga na Peace Corps, ambayo sisi tuliijua kwa jina la Corps de la Paix. Serikali ya Marekani iliianzisha mwaka 1961 ili kupeleka watu wa kujitolea katika nchi nyingine. Kwetu walifanya kazi toka mwaka 1970 hata mwaka 1991, ghasia na uporaji vilipowaondoa. Tidwell alikaa Kasai, katika Kalambayi, toka 1985 hata 1987, nchi ilipokuwa ikiitwa Zaire. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha wakulima kuchimba mabwawa na kufuga humo samaki wa tilapia.

Sehemu iliyo bora katika kitabu ni habari ya mtu mmoja aitwaye Ilunga. Huyu alikubali mafundisho ya mgeni, akachimba bwawa lake kwa beleshi, siku baada ya siku, kazi ya kuvunja mgongo. Akawalisha samaki, akangoja miezi. Siku ya kuvua ilipofika, maji yakatolewa, na samaki wakaonekana wengi. Lakini watu wa kijiji nao walikuwa wamefika. Ilunga akaanza kugawa: huyu akapewa, na yule akapewa, mpaka fungu kubwa likaondoka. Tidwell alikasirika sana. Alikuwa amepiga hesabu ya faida, naye sasa aliona faida ikienda zake katika mikono ya watu ambao hawakuchimba hata kidogo. Baadaye tu alifahamu kwamba Ilunga hakupoteza kitu. Aliyewapa wenzake siku ya mavuno ndiye asiyeachwa peke yake siku ya njaa au ya ugonjwa. Mwalimu wa samaki akawa mwanafunzi.

Twamsifu mwandishi kwa jambo hili: hakuificha hasira yake. Ingekuwa rahisi kuifuta na kujionyesha mwenye hekima tangu siku ya kwanza. Hafichi wala udhaifu wake mwingine, hata kwamba pombe kali ya kienyeji ilimshinda kwa muda. Tena wenyeji wake wana majina, wana maneno yao, wana akili ya kumpinga. Ndiyo sababu twasema kitabu hiki ni cha kweli kuliko barua nyingi tulizozisoma.

Lakini yako mambo mawili tunayoyaona na ambayo hatuwezi kuyanyamazia.

La kwanza ni hili. Maneno yote ya Ilunga yametufikia kwa kinywa cha mgeni. Kitabu cha Ilunga hatunacho. Tungependa sana kujua yeye alimwonaje kijana huyu aliyekasirikia samaki wasio wake.

La pili, somo lile la kugawana twalikubali, ila si lote. Sisi tuliozaliwa katika jamaa kubwa twajua utamu wake na uchungu wake pia. Yuko ndugu asiyeshika beleshi kamwe, lakini siku ya mavuno hufika wa kwanza na beseni lake. Wako waliokimbilia mjini kwa kuchoshwa na mzigo huo. Mgeni akitusifu mno anakosea sawasawa na mgeni anayetudharau. Sisi si malaika wa kugawana samaki. Ni watu, tunapendana na kugombana.

Hata hivyo, tazameni kitu kilichomwokoa Tidwell. Ni muda. Kama angalikaa majuma matatu, angaliondoka bwawa likali shimo tupu, akaandika kwamba amewasaidia watu wa Kalambayi, nasi tungalikosa habari yote ya mavuno. Alikaa hata siku ile ambayo mwenyeji alifanya neno lisilompendeza, tena akabaki naye baada ya hapo. Hapo ndipo utumishi ulipoanza. Bwana wetu alipowatuma wanafunzi wake hakuwaambia wachukue vitu vya kugawa. Aliwaagiza waende bila mfuko, wakae katika nyumba moja, wale watakachopewa. Aliwatuma wakiwa wahitaji.

Tusidhani kwamba kosa hili ni la wageni wa Ulaya peke yao. Tulipokuwa seminarini tulipelekwa likizoni katika kijiji kimoja, mbali na mji, tukafundishe dini. Kijijini hapo alikuwapo katekista mzee aliyeitunza kapela miaka mingi bila mshahara. Majuma yote matatu alikaa benchi la nyuma, akatusikiliza. Hatukumwuliza neno. Tuliporudi tuliandika taarifa: idadi ya mafundisho, idadi ya watoto, na jinsi sisi tulivyofaidika rohoni. Jina la mzee hatukuliandika. Leo mzee yule ni marehemu, nasi tungali na haya.

Basi, ndugu wa parokia, wageni wakija tena tufanyeje? Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tusiwakalishe juu ya kiti cha heshima mpaka siku ya kuondoka. Tuwafundishe kusalimu, tuwapeleke shambani, tuwaambie wazi wanapokosea. Anayeweza kukaa muda mrefu, tumwombe akae. Na kila mmoja, kabla hajaituma kwao habari yake ya safari, tumwombe kwa upole atusomee, mama aliyempikia bukari akiwapo. Ikiwa ataona haya kuisoma mbele yake, na aiandike upya.