Mita 100 za Popovici: Kasi Inavyotunzwa Majini

Tarehe 13 Agosti 2022, katika bwawa la Foro Italico mjini Rome, Mromania David Popovici, mwenye umri wa miaka 17, aliogelea mita 100 za mtindo huru kwa sekunde 46.86. Rekodi ya dunia aliyoivunja, sekunde 46.91, iliwekwa na Mbrazili César Cielo katika bwawa hilohilo mwaka 2009, enzi ya mavazi ya poliyurethani yaliyopigwa marufuku tangu Januari 2010.

Hadi mita 50 Popovici alikuwa ametumia sekunde 22.74, Cielo 22.17. Kurudi, Popovici alitumia sekunde 24.12 na Cielo 24.74. Kijana aligeuka ukutani akidaiwa sekunde 0.57, akalipa deni lote na kubakiwa na 0.05. Rekodi ilivunjwa na aliyepunguza mwendo kidogo zaidi.

Kasi ya mwogeleaji hupatikana kwa kuzidisha umbali wa kila mzunguko wa mikono na idadi ya mizunguko kwa dakika. Chipukizi anayepiga mizunguko 50 kwa dakika, kila mmoja ukimsogeza mita 1.8, huenda mita 1.5 kwa sekunde. Akiharakisha hadi mizunguko 56 huku kila mmoja ukifupika hadi mita 1.6, kasi huwa takriban mita 1.49: kachoka zaidi, na hakuongeza kitu. Ili kupima ufanisi, makocha huzidisha kasi kwa urefu wa mzunguko. Hapa kipimo kimeshuka kutoka 2.7 hadi 2.4.

Mzunguko hufupika mkono unapoacha kushika maji. Kiwiko kikibaki juu, kiganja na kigasha husukuma maji nyuma, na mwili huenda mbele. Kiwiko kikianguka, maji husukumwa chini na nguvu hupotea. Kichwa kikiinuliwa kuvuta pumzi, nyonga huzama na ukinzani wa maji huongezeka. Ukinzani huo hukua kwa mraba wa kasi: kasi ikiwa mara mbili, ukinzani huwa mara nne.

Kwa watoto, mzunguko hurefuka pia kwa sababu mikono inakua, kwa hiyo urefu peke yake si ushahidi wa ufundi. Mizunguko ihesabiwe katika kila mita 25, pamoja na muda. Katika majuma machache, ambamo mwili haujabadilika sana, muda ukiwa uleule na mizunguko ikipungua, ufundi umekua.