Herufi Moja Kati ya Maelfu

Jicho lenye maiopia (kutoona mbali) kali, lile linalohitaji lenzi ya dayopta hasi 6 au zaidi, kwa kawaida limerefuka kwenda nyuma kiasi kwamba taswira inakomea kabla ya kufika kwenye retina. Kuna koo ambamo hali hii hurithiwa waziwazi. Mwaka 2011 watafiti wa China waliitumia familia moja ya aina hiyo kuifikia jeni iitwayo ZNF644, na kinachonivutia ni jinsi walivyochekecha.

Walisoma vinasaba vya wagonjwa wawili tu wa familia hiyo, tena eksomu peke yake: ile takriban asilimia 1 ya vinasaba iliyobeba maelekezo ya kutengeneza protini. Hata humo, kila mtu hutofautiana na nakala rejea ya vinasaba katika maelfu ya herufi. Kompyuta ikaanza kupunguza. Tofauti isiyogusa protini, nje. Iliyokwisha kuorodheshwa katika hazina za vinasaba vya watu wengine, nje, maana ugonjwa adimu hautarajiwi kuletwa na kitu kilichozagaa. Iliyo kwa mgonjwa mmoja bila mwenzake, nje.

Hatua hii ya tatu inategemea undugu. Ndugu wa tumbo moja hushirikiana karibu nusu ya vinasaba vyao, kwa hiyo chekeche lina matundu makubwa. Kadiri undugu unavyokuwa wa mbali, matundu yanazidi kubana.

Ikabaki herufi A iliyogeuka G. Katika nafasi ya 672 ya protini, asidi amino ya serini ikatoka, ya glisini ikaingia.

Lakini familia moja haitoshi kuihukumu jeni. Watafiti wakapima wagonjwa 300 wasio wa ukoo huo, na 11 wakakutwa na mabadiliko mengine matano katika jeni hiyohiyo. Kisha wakapima watu 600 wenye macho mazima: hakuna hata mmoja aliyekuwa nayo. Mimi nawathamini zaidi hao 600, kwani bila wao hao 11 wangeweza kuwa bahati tu.

Hata hivyo, 11 kati ya 300 haifiki asilimia 4. Waliobaki wanahitaji njia nyingine. Mwaka 2018 uchambuzi wa watu 160,420 ulifikisha 161 idadi ya sehemu za vinasaba zinazohusiana na jicho kutolenga taswira sawasawa kwenye retina, kila moja ikichangia kidogo. Nyingi ni tofauti za kawaida, zimejaa kwa wenye macho mazima na kwa wagonjwa vilevile. Chekeche la 2011 lingezitupa nje katika hatua ya pili.