Jiko Lililosahauliwa: Uhakiki wa Hadithi ya Shitala Satam

Wahindu wengi wa Tanzania wana asili ya Gujarat. Akina mama wao huadhimisha Shitala Satam, siku ya saba ya nusu ya giza ya mwezi wa Shravan. Siku hiyo hawawashi jiko. Hula chakula baridi kilichopikwa jana yake, wakimwomba Shitala, mungu wa kike aliyehusishwa na ndui, awalinde watoto wao.

Hadithi isimuliwayo siku hiyo ndiyo tunayoihakiki. Mke wa mwana mdogo, akiwa amechoka kwa kupika hadi usiku, alipitiwa na usingizi akimnyonyesha mwanawe, jiko likabaki na moto. Shitala akaja kujigaragaza jikoni, akaungua, akamlaani. Asubuhi mtoto alikutwa amekufa. Mama akamtia kapuni, akaenda kumtafuta Shitala. Njiani akamkuta kikongwe asumbuliwaye na chawa. Akamwekea mtoto mapajani, akamtoa chawa. Kikongwe, ambaye ndiye Shitala, akaburudika, na mtoto akafufuka. Mwaka uliofuata mke wa kaka mkubwa, kwa kijicho, aliacha moto makusudi, tena akakataa kumhudumia kikongwe, hakurudishiwa mwanawe.

Uzuri wa hadithi u katika mikono ya yule mama: alitenda huruma asijue amtendeaye ni nani. Msomaji wa Mathayo 25 hatakosa kulitambua jambo hilo. Kasoro yake ni hukumu: uchovu wa mzazi unalipwa kwa kifo cha mtoto.

Hata hivyo, mtumishi aliyeko Kasulu au Kibondo asiharakishe kuwacheka Wahindu. Na asikilize kwanza maneno ya matangani kwetu. Mtoto amefariki kwa homa, naye jirani anauliza: mama alikuwa wapi? Swali hilo ni lile la wanafunzi katika Yohana 9, nalo Bwana alilikataa. Ndui nayo haikuletwa na mama aliyelala. Ilishindwa kwa chanjo, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba imetokomezwa.

Hana naye alilia asile chakula kwa ajili ya mtoto. Kwa hiyo hatuna budi kuuheshimu mfungo wa mama ulio sala. Lakini mfungo ulio fidia ya hatia isiyokuwapo ni mzigo, uwe wa Mhindu au wetu. Na mchungaji aingiapo katika nyumba ya msiba, kazi yake ya kwanza ni kumtua mama mzigo huo.