Mashine inasoma hisia, au alama?

Hizi habari kwamba kompyuta inasoma hisia kwa mawimbi ya ubongo mie zanitia shaka. Tazameni data za DEAP za mwaka 2012, zinazotumiwa mno na watafiti: watu 32 walibandikwa elektrodi kichwani, wakatazama video 40 za muziki za dakika moja moja, kisha kila mtu akajipa alama, 1 mpaka 9, amefurahi kiasi gani, amesisimkwa kiasi gani. Basi kinachokisiwa ni alama hizo! Nasi tunaotenga simanzi na jitimai, majonzi na uchungu, lipi ndilo 3?

Tena wengine hufunza mashine kwa vipande vya mtu, wakaipima kwa vipande vingine vya mtu yule yule, halafu wajisifu kwa asilimia 90. Ah! Ipimeni kwa kichwa isichopata kukiona, ndipo tuzungumze.